Barua ya wazi kwa BASATA na mapromota: mkija Kibondo, mje na sauti zenu

Kwa Katibu Mtendaji, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA);
kwa mapromota mnaoleta matamasha Kibondo, Kasulu, Kakonko na Buhigwe;
na kwenu wanamuziki wa Bongo Fleva na wa Injili mnaopanda majukwaa yetu.

Waheshimiwa,



Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kibondo. Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu: nani anashuka nota, nani anavuta pumzi mahali pasipofaa, nani anajificha nyuma ya sauti ya jirani yake. Nawaandikia hadharani kwa sababu malalamiko haya tumeyasema kwa midomo kwa muda mrefu, getini, vijiweni, hata mbele ya maofisa, na hakuna kilichobadilika. Kila tamasha kubwa linapopita kwetu watu hurudi nyumbani na swali moja: hivi yule msanii aliimba, au tulichezewa CD?

Swali hilo linastahili jibu kutoka kwenu. Hoja zangu ni hizi.

1. Tunauziwa tiketi ya laivu, tunaletewa flashi.

Gari la matangazo huzunguka mji mzima, sokoni, stendi, mpaka vijiji vya pembeni, likinadi kwamba msanii fulani atakuwa hapa "laivu". Watu wanauza maharage, wengine wanakopa, wengine wanatoka vijijini kwa bodaboda na hawana pa kulala. Usiku unakua. Msanii anapanda jukwaani karibu na saa sita. DJ anachomeka flashi, na kinachotoka kwenye spika ni wimbo ule ule tuliousikia redioni asubuhi, wenye sauti ile ile, pumzi zile zile, na kiitikio cha msanii mwenzake ambaye hata mkoani hayupo. Aliye jukwaani anaruka, anatupa mikono, anamalizia neno la mwisho la kila mstari. Maiki ikishuka mpaka kiunoni, sauti inaendelea bila wasiwasi.

Kuna usiku ambao wimbo ulikwama katikati ya ubeti. Jina la msanii nalihifadhi, kwa sababu tabia hii si yake peke yake. Spika zilinyamaza, naye akanyamaza nazo. Aliangalia upande wa DJ, akaangalia chini, akasubiri. Uwanja mzima ndio ulioendelea na ubeti, watoto kwa watu wazima, mpaka kiitikio. Yeye mwenye wimbo hakuweza kuuokota pale ulipoangukia.

Nisieleweke vibaya. Kuna namna tatu za kuimba mbele ya watu, na si haki kuzichanganya. Ipo ya bendi kamili, yenye magitaa, kinanda, ngoma na waitikiaji. Ipo ya biti tupu, ambapo ala zinatoka kwenye kompyuta lakini sauti ni ya mtu aliyesimama mbele yako. Na ipo ya CD yenye sauti ndani yake, ambapo mwimbaji hana ulazima wa kuimba chochote. Na hiyo ya pili siilaumu hata kidogo. Msanii akija na biti yake na koo lake, nitanunua tiketi na nitampigia makofi. Ninayoilalamikia ni ya tatu, inapouzwa kwa jina la kwanza na kwa bei ya kwanza.

2. Tofauti ya studio na jukwaa tunaijua, na hatuwadai muujiza.

Wapo wanaotujibu kwamba sisi wa wilayani tunataka msanii asikike jukwaani kama kwenye rekodi, jambo lisilowezekana. Hapana. Huku tuna studio ndogo pia, na vijana wetu wanaotengeneza nyimbo wanatueleza zinavyotengenezwa. Mwimbaji anaingia mstari kwa mstari. Mstari mmoja unaweza kurudiwa mara nyingi, prodyuza akachukua neno la kwanza la jaribio hili na neno la mwisho la jaribio lile. Sauti kuu inarudiwa juu yake yenyewe ili inenepe. Pumzi zinakatwa au zinapunguzwa. Sauti ya chini inapandishwa na ya juu inabanwa mpaka zikae sawa. Kisha inakuja programu ya kunyoosha nota.

Programu iliyofungua njia hiyo ni Auto-Tune, iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Antares ya Marekani. Aliyeibuni ni Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla yake alikuwa akitumia hesabu za mawimbi ya sauti kutafuta mafuta ardhini. Mwaka uliofuata dunia nzima iliisikia waziwazi kwenye wimbo wa Cher, "Believe", na leo hakuna studio ya mtaani isiyokuwa na kitu cha namna hiyo. Sina ugomvi nayo. Prodyuza mzuri ni fundi kama fundi mwingine, na rekodi ni kazi ya sanaa yenye sheria zake.

Ila kuna jambo moja ninalotaka BASATA ilitafakari kwa makini, maana naona ndipo shina la tatizo lilipo. Zamani wimbo ulianzia ukumbini. NUTA Jazz, ambayo baadaye tuliijua kama Msondo Ngoma, Orchestra Maquis waliotoka Zaire, Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978: hawa walipiga wimbo mbele ya wachezaji dansi usiku baada ya usiku, wakaona ubeti gani unachosha na gitaa liingie wapi, na wimbo ulipoiva ndipo wakaupeleka Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi. Studioni bendi nzima ilikaa chumba kimoja ikapiga kwa pamoja. Muhidin Gurumo au Hassan Bitchuka akikosea, wote walirudia. Kanda zile zikisikilizwa leo, mtu anasikia watu wakiimba kama walivyokuwa wakiimba. Waliobahatika kuwaona ukumbini wanasema rekodi ilikuwa nyembamba ukilinganisha na bendi yenyewe. Enzi hizo mtu aliuliza kama redio imewatendea haki waimbaji. Shaka iliwekwa kwa mashine. Koo lilikuwa limekwishajulikana.

Shem Karenga, aliyeanzia muziki Kigoma kabla ya kung'ara na Tabora Jazz kwa "Dada Asha", alikulia katika utaratibu huo. Watu wa ukanda wetu walimsikia akiimba, ndipo wakamsikia redioni.

Leo mambo yamegeuka. Wimbo unazaliwa studioni kwa vipande. Unatoka Jumatatu, unapigwa redioni Jumanne, na mwisho wa mwezi msanii yuko Kasulu jukwaani. Inawezekana kabisa kwamba hapo Kasulu ndipo anapotakiwa kwa mara ya kwanza kuuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Sehemu ambazo studioni aliziimba kwa siku mbili tofauti sasa zinafuatana bila nafasi ya kuvuta pumzi. Nota ya juu aliyoipata mara moja baada ya kujaribu sana inamsubiri kwenye kila kiitikio. Hapo hata mwenye kipaji cha kweli ataogopa, na akiogopa atamwambia DJ aweke ile yenye sauti. Huyu mtu hakufundishwa wimbo wake mwenyewe. Meneja wake hakumpa wiki mbili za mazoezi, kwa sababu hakuna yeyote, si promota wala Baraza, atakayemuuliza.

3. Waimbaji tunao. Kwa nini huku hatuletewi?

Sitaki mtu asome barua hii akadhani ninawadharau wasanii wa nchi hii. Kinyume chake, kinachoniuma ni kwamba najua uwezo uliopo. Lady Jaydee amesimama na bendi miaka mingi na sauti yake haijawahi kutegemea flashi. Christian Bella ukimpa maiki na gitaa moja, utasahau kuna rekodi. Banana Zorro ni mtu wa bendi tangu zamani. Peter Msechu, kijana wa Kigoma, alishika nafasi ya pili kwenye Tusker Project Fame ya mwaka 2010, shindano ambalo washiriki walilazimika kuimba kwa koo zao mbele ya majaji na mbele ya Afrika Mashariki nzima wiki baada ya wiki. Mwasiti, ambaye naye ni wetu, alilelewa THT, nyumba ya vipaji aliyoiasisi marehemu Ruge Mutahaba, ambako vijana walifundishwa kuimba na ala. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika kama Kigoma All Stars, Diamond Platnumz akiwemo, wakatoa "Leka Dutigite", na sisi tukajaa fahari mpaka leo. Mkoa ambao umewapa Watanzania waimbaji wengi namna hiyo unastahili kuwasikia.

Tena inawezekana, na ushahidi upo hapa hapa nchini. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, limeweka sharti kwamba anayepanda jukwaa la Ngome Kongwe anaimba na kupiga laivu. Wasanii wanalijua sharti hilo kabla hawajaomba nafasi, wanafanya mazoezi, wanakuja na wapigaji wao. Msanii yule yule anayetuchezea CD Kibondo akialikwa kule anaimba. Basi koo analo. Kilichokosekana ni mtu wa kumtaka alitumie.

Nimewasikia baadhi ya mapromota wakisema, si kwa siri sana, kwamba watu wa huku hawatofautishi. Hiyo naikataa kwa nguvu zangu zote. Nyanda hizi za Kigoma ni nchi ya kwaya. Katoliki, Anglikana wenye makao ya dayosisi Kasulu, Pentekoste, Wasabato, Waluteri: nenda kanisa lolote siku ya mazoezi, utakuta mkulima ambaye hakumaliza shule akisoma nota za do-re-mi ubaoni na kushika besi yake bila kuyumba wakati sauti nyingine tatu zinamvuta huku na huko. Ndugu zetu Warundi na Wakongo waliopata hifadhi kwenye kambi za Nduta na Nyarugusu walikuja bila mali lakini na nyimbo zao, na wengi tumejifunza kwao namna ya kuimba kwa kifua kizima. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Tabora, iliyotokana na wakimbizi wa Burundi, ilienea nchi nzima kwa sababu ya nguvu ya sauti zake tu. Mtu aliyekulia kati ya waimbaji wa namna hiyo anasikia sauti ya kwenye flashi kabla mstari wa kwanza haujaisha. Anakaa kimya kwa adabu, na kwa kuwa hela imekwishatoka.

4. Sababu mnazotoa tumezisikia.

Mnasema umeme. Kweli, kwa miaka mingi tuliishi kwa majenereta, na mitambo ya muziki ilizimika mara kwa mara. Lakini tangu mwaka 2022 gridi ya taifa imefika na majenereta ya Kasulu yamezimwa. Mnasema barabara. Ile ya kutoka Nyakanazi kupita Kakonko na Kibondo hadi Kasulu ilikuwa mateso, nani asiyekumbuka, lakini lami imekuwa ikisogea na safari si ile ya zamani.

Mnasema gharama. Hii ndiyo sababu yenye uzito na nitaipa heshima yake. Kuleta watu kumi wa bendi kutoka Dar es Salaam hadi Kibondo, kuwalisha, kuwalaza, kubeba ngoma na vikuza sauti, ni mzigo ambao kiingilio cha mji mdogo hakiwezi kuubeba. Nakubali. Lakini kati ya bendi ya watu kumi na flashi kuna nafasi kubwa sana. Njooni na mpiga gitaa mmoja. Njooni na mpiga kinanda mmoja. Tumieni wapigaji wa kwaya zetu, wapo vijana hapa wanaoweza kushika wimbo wowote wa Bongo Fleva kwa jioni moja wakipewa nafasi ya kuusikiliza, na watalipwa kidogo kuliko tiketi moja ya ndege. Au njooni na biti tupu, ambayo haigharimu shilingi hata moja zaidi ya CD yenye sauti, kwa kuwa inatoka kwenye kompyuta ile ile ya prodyuza yule yule. Kwa hiyo gharama inaeleza kwa nini hakuna bendi. Kwa nini hakuna sauti, haielezi.

Mnasema afya. Msanii amelala ndani ya gari siku tatu, koo limekauka, ana mafua. Hili nalielewa kuliko wengi, maana koo si chuma. Luciano Pavarotti, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko karibu wote wa zama zake, alipoimba kwenye ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Turin mwaka 2006 alitumia sauti iliyorekodiwa siku kadhaa kabla, kwa kuwa alikuwa mgonjwa na baridi ilikuwa kali. Whitney Houston alipoimba wimbo wa taifa wa Marekani mbele ya uwanja mzima mwaka 1991, sauti iliyosikika ilikuwa imerekodiwa mapema. Beyoncé alipoulizwa kuhusu kuapishwa kwa Rais Obama Januari 2013, alikiri mbele ya waandishi kwamba aliimba juu ya rekodi, na kabla ya kujibu swali lolote aliimba wimbo ule ule pale pale, bila ala, wote wakamsikia. Hao wana deni gani kwetu? Hawana. Walikwishathibitisha mara nyingi kwamba sauti ni yao, na walikuwa na sababu ya siku moja. Mwimbaji anayeumwa akituambia, "Ndugu zangu, leo koo limegoma, nitaimba nyimbo mbili na zilizobaki tutacheza pamoja," Kibondo nzima itamwombea.

Mfano wa upande mwingine nao upo. Milli Vanilli walipewa tuzo ya Grammy mwanzoni mwa mwaka 1990 na kunyang'anywa Novemba mwaka huo huo, ilipofahamika kwamba vijana wawili tuliowaona kwenye video hawakuimba hata wimbo mmoja wa albamu yao. Aliyewatengeneza, Frank Farian, ndiye aliyetengeneza pia Boney M tunaowasikia kila Krismasi, na humo sauti nzito ya kiume ilikuwa ya Farian mwenyewe studioni, wakati anayecheza jukwaani alikuwa mtu mwingine. Waimbaji halisi wa Milli Vanilli walikaa gizani huku wengine wakipokea maua. Nawaomba mlifikirie hilo kila CD yenye kiitikio cha mtu mwingine inapochezwa Kasulu: yule binti aliyeimba kiitikio studioni, ambaye jina lake halipo kwenye tangazo, anapata nini?

5. Watoto wetu wanajifunza kwenu.

Hili ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Vijana ninaowafundisha wanawatazama ninyi kuliko wanavyonitazama mimi. Wameona kwamba kuimba ni kuruka, kuvaa vizuri na kushika maiki karibu na mdomo. Sasa hata kwaya za makanisa, zikizindua albamu, zinaweka CD na kupanga safu za kucheza mbele ya waumini. Kwaya ambayo wiki iliyopita iliimba sauti nne bila kinanda mpaka watu wakalia, siku ya uzinduzi inafungua midomo tu. Nikiwauliza wananijibu, "Mwalimu, ndivyo wanavyofanya wakubwa." Kijana wa besi anaacha mazoezi kwa sababu besi yake ipo tayari kwenye flashi. Mpiga gitaa anauza gitaa. Baada ya miaka kumi, studio zenyewe zitakosa mtu wa kuimba.

6. Ninachoomba.

Kwa BASATA kwanza. Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 iliwapa kazi ya kukuza sanaa, na kanuni zenu zinawapa meno. Tuliyaona mwaka 2018, mlipowasimamisha Diamond Platnumz na Rayvanny kwa kuimba jukwaani wimbo uliokuwa umefungiwa. Sitaki kurudi kwenye mjadala ule. Ninachosema ni kwamba mmeonyesha mnaweza kufuatilia kinachoimbwa jukwaani. Naomba mfuatilie pia kama kinaimbwa.

Katika fomu ya kibali cha tamasha, wekeni mstari mmoja unaomtaka promota aeleze kila msanii ataimba kwa namna ipi kati ya zile tatu: bendi, biti tupu, au CD yenye sauti. Maelezo hayo yaandikwe kwenye bango na yasemwe kwenye gari la matangazo. Neno "laivu" lisitumike pale ambapo mtu hataimba. Afisa Utamaduni wa wilaya, ambaye tayari anahusika na vibali, apewe nguvu ya kuhakiki usiku wa tamasha, na ikionekana watu wamedanganywa, promota arudishe sehemu ya kiingilio kabla hajapewa kibali kingine mahali popote mkoani. Siwaombi mpige CD marufuku. Anayetaka kulipia kucheza na kumwona msanii wake kwa macho ana haki hiyo. Ajue tu anachokilipia.

Pia, kwenye Tuzo za Muziki Tanzania mlizozifufua, mwimbaji bora jukwaani achaguliwe kwa kuimba mbele ya majaji, na majaji hao watoke nje ya Dar es Salaam mara moja moja.

Kwenu mapromota: fikeni mapema. Msanii apewe nafasi ya kujaribu mitambo mchana, asikie sauti yake inavyorudi kutoka kwenye spika zetu, kwa sababu hata mwimbaji hodari akipandishwa saa sita usiku kwenye mitambo asiyoijua atapotea. Vijana wa hapa wanaofungua jukwaa wapewe maiki zile zile na mafundi wale wale, wasiimbe kwenye spika moja wakati mageti bado yanafunguliwa.

Na kwenu wanamuziki, wadogo zangu na dada zangu: ombi langu ni nyimbo mbili. Katika shoo nzima, zimeni flashi kwa nyimbo mbili. Shusheni ufunguo wa wimbo ikiwa ule wa studio uko juu mno kwenu, hakuna atakayewahukumu kwa hilo. Rudisheni kiitikio kwa watu, tutakishika, tena kwa sauti nne. Mkikosea neno, tunalijua, tutawapa. Hatuhitaji msikike kama redio, maana redio tunayo nyumbani. Tunataka kusikia mlivyo leo, na uchovu wa safari ukiwemo.

Nimezungumza na walimu wenzangu wa kwaya wa Kibondo na Kasulu. Tumekubaliana kwamba tangazo lijalo la tamasha likipita, tutakwenda kwa promota kumuuliza kwa heshima, kabla ya kununua tiketi, msanii wake ataimba kwa namna ipi kati ya hizo tatu, na jibu atakalotupa tutalisoma kwenye matangazo ya kwaya zetu Jumapili. Atakayesema kweli tutamjazia uwanja, hata kama jibu ni CD. Mpiga kinanda na wapiga gitaa wawili wa kwaya yangu wako tayari kwa msanii yeyote atakayetutumia nyimbo zake wiki moja kabla. Chumba cha mazoezi tunacho, umeme upo, na funguo ninakaa nazo mimi.

Wenu katika kazi ya muziki,

Mwalimu wa kwaya,
Kibondo, Kigoma.